Pumzikoni, Nchi ya Waliobakiwa na Roho Moja

Wako waliozifikia nchi za mbali kwa miguu, na wako waliozifikia kwa ndege. Sikudhani aliifikia yake kwa kuzama. Ameisimulia mara nyingi, mbele ya wanaoamini na wasioamini, wala hajawahi kubadili neno. Basi na sisi tuipokee kama alivyoitoa.

Gemu yenyewe inaitwa Milango Saba. Namna mtu anavyotoka kwenye mkeka mbele ya runinga, pedi ya kuchezea mkononi, akajikuta mwili mzima ndani ya mchezo, hiyo waulizwe mafundi. Sikudhani anachojua ni kwamba dada yake mkubwa, Chausiku, aliketi kucheza alasiri moja baada ya kuosha vyombo, na hakuonekana tena. Pedi ilikutwa sakafuni, bado ina joto la viganja. Polisi walikuja, wakaitazama runinga kwa makini, wakauliza ni ya inchi ngapi, wakaenda zao. Mama yao alilia hadi sauti ikamkauka. Ndipo Sikudhani akaiokota ile pedi.

Mlango wa msitu, wa mapango na wa barafu aliipita kama mtu anayekatiza uchochoro wa kwao. Wa nne ulikuwa chini ya maji, na hapo ndipo alipofundishwa adabu.

Kila mchezaji wa Milango Saba hupewa roho tatu. Ukipoteza moja unarudishwa pale ulipoingilia, uanze upya. Ukipoteza ya tatu hurudishwi popote, na hakuna aliyewahi kuja kueleza ni giza la namna gani. Roho ya kwanza ya Sikudhani ilichukuliwa na mipira ya chuma yenye miiba, iliyoelea majini kama maboga. Mmoja aliugusa kwa kisigino tu, ukalipuka. Ya pili ilichukuliwa na Mkunga.

Mkunga ni samaki mrefu kama mtaro, mnene kama pipa, aliyejiviringisha kwenye tundu la mwamba kando ya ufa mwembamba. Ufa huo ndio Lango la kutokea. Sikudhani alipomwona anamjia alipiga ukelele, kama yeyote kati yetu angefanya, na mapovu yakamtoka kinywani, yakapanda kwa kundi upande wa kushoto. Jambo aliloliona kabla ya meno kumfikia halikumtoka akilini: samaki yule aliyarukia mapovu kwanza. Aliyatafuna yote, tena kwa raha, na ndipo akarudi kukifuata kinywa kilichoyatoa.

Alipopata fahamu, mikono ya watu ilikuwa ikimvuta kutoka majini.

"Umezamaje?" aliulizwa.

Aliyeuliza alikuwa mama wa makamo, mpole wa uso, aitwaye Bi Arafa. Kazi yake katika nchi ile ilikuwa kuwapokea wanaorudi wakitetemeka.

"Nini?" alisema Sikudhani.

"Umezamaje, mwanangu. Ndiyo salamu yetu. Nawe unajibu, nimezama salama."

"Nimezama salama," alisema Sikudhani, na papo hapo akatapika maji.

"Umebakiwa na roho ngapi?"

"Moja."

Watu waliomzunguka wakashusha pumzi, lakini si kwa pamoja. Walizishusha mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu, kama wanaopokezana kikombe. Bi Arafa akamfunika kanga iliyolowa. "Basi wewe ni wetu," akasema. "Karibu Pumzikoni."

Nchi ya Pumzikoni iko ndani ya povu moja kubwa la hewa lililonaswa chini ya mwamba, pana kiasi cha uwanja wa mpira. Wakazi wake wote ni wachezaji waliofika mlango wa nne, wakapoteza roho mbili, wakaona ile ya tatu ni heri ikae. Hilo ndilo sharti la uraia. Mwenye roho mbili halazwi humo hata usiku mmoja, kwa kuwa bado anapenda kujaribu. Mwenye moja hupewa mahali pa kukaa na watu humsogelea kwa heshima.

Vyeo vya nchi hiyo hutegemea namna mtu alivyoshindwa. Walioishiwa pumzi na kuzama hivihivi ni watu wa kawaida, nao hukaa pembezoni, ambako maji yanalamba vifundo vya miguu. Waliolipuliwa na mipira ni watumishi wa umma. Walioumwa na Mkunga ndio wakubwa, na kati yao aliyeumwa mguu yuko chini ya aliyeumwa kiuno, na wa kiuno yuko chini ya wa shingo. Aliyemezwa mzima hupigiwa magoti. Spika wa Baraza, Mzee Machumu, alimezwa mzima mara mbili, na kila mwaka siku ya kumezwa kwake hakuna anayefanya kazi.

Wakubwa hao huvaa kofia za shaba, nzito, zenye kina kama sufuria ya pilau. Sikudhani alidhani ni pambo tu. Bi Arafa akamweleza kwamba mtu akiingia majini na kofia ile, hewa hubaki ndani yake, naye huweza kuishusha usoni akapumua.

"Ni hewa ya cheo," alisema. "Siku povu likituishia, wao watabaki watuongoze."

"Watamwongoza nani?"

Bi Arafa alifikiri kidogo. "Hilo liko kwenye kamati."

Kulikuwa na maneno ambayo hayakuruhusiwa. "Kutoka" halikusemwa, aliyetaka kutoka aliitwa mgonjwa wa juu, akapewa watu wa kumshauri. Lango liliitwa Ukuta. Kuvuta pumzi kulikuwa kwa zamu: walio katikati walivuta wakati wowote, walio pembezoni walivuta Spika anaponyamaza kumeza mate. Na Mzee Machumu hakuwa mtu wa kumeza mate ovyo. Sikudhani alihudhuria hotuba yake ya kwanza akaona watu wa pembezoni wamekuwa wa bluu, na walipopewa nafasi ya kupumua waliitumia kupiga makofi.

Siku ya pili alipelekwa kwenye darasa la Tahadhari, ambalo ni lazima kwa kila raia. Mwanamke mwenye kofia ya shaba alisimama juu ya jiwe, fimbo mkononi, akieleza safu za meno ya Mkunga, yapi yanararua na yapi yanashikilia. Alieleza vizuri mno; watu wawili walizimia. Sikudhani aliisikia ile sauti kabla hajauona uso, maana ni sauti iliyokuwa ikimwamsha asubuhi tangu utotoni.

"Dada!"

Darasa zima liligeuka. Fimbo ilimponyoka Chausiku. Aliteremka kwenye jiwe kama anayeanguka, kisha akakumbuka kwamba yuko mbele za watu, akasema kwa sauti ya kiofisa, "Somo litaendelea kesho." Akamshika mdogo wake mkono, akamburuta hadi nyuma ya mwamba.

Huko alimkumbatia hadi kofia ikampiga Sikudhani kwenye paji la uso.

"Umefuata nini huku, Siku?"

"Nimekufuata wewe."

"Umebakiwa na ngapi?"

"Moja."

Chausiku aliketi chini kwa kishindo. "Mjinga wewe," alisema. "Mjinga wa kutupwa." Akaanza kulia, akilia kwa zamu kama sheria inavyotaka: kwikwi moja, kisha kimya, kisha kwikwi nyingine.

"Twende nyumbani, dada."

"Usiseme hivyo kwa sauti." Aliangaza huku na huku. "Nisikilize. Kila nikiamka najiambia leo naenda. Naenda hadi ukingoni mwa povu, natia mkono majini. Halafu nakumbuka kwamba ni moja tu. Ningekuwa na mbili, Siku, haki ya Mungu ningekwenda leo."

"Ulipokuwa na mbili ulikwenda?"

"Nilikwenda. Ndiyo maana nina moja."

Sikudhani alijua kwamba dada yake anasema kweli. Na yeye mwenyewe, tangu alipovutwa kutoka majini, alikuwa akiisikia roho yake ile moja kifuani kama yai analolibeba mtu sokoni. Alianza kuwaelewa wenyeji, na kule kuwaelewa kulimtisha kuliko Mkunga. Basi akamsimulia dada yake habari ya mapovu: jinsi samaki alivyoyarukia kwanza, akayala, ndipo akamgeukia yeye.

Chausiku alisikiliza bila kupepesa. Hapo hakuwa mkubwa wa Tahadhari, alikuwa yule dada aliyemfundisha kufunga kamba za viatu. "Nimefundisha meno yake tangu nifike," akasema polepole. "Sijawahi kuuliza anakula nini."

"Basi twende sasa hivi."

"La. Tulipeleke jambo hili Barazani kwanza. Kuna watu wengi humu, Siku." Alisema hivyo kwa moyo mwema, lakini Sikudhani alijua kwamba dada yake alikuwa akitafuta siku moja zaidi.

Baraza lilikuwa likijadili povu. Kwa muda mrefu maji ya pembezoni yalikuwa yamepanda kutoka vifundo hadi magoti, na kulikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulisema povu linapungua. Upande wa pili ulisema povu liko palepale ila raia wanarefuka kuelekea chini kwa sababu ya ustawi. Kamati ilikuwa imelipima povu kwa kamba ya mwani, ambayo ina sifa ya kunyumbuka, na ilirudi na taarifa kwamba povu ni kubwa kadiri mpimaji anavyovuta. Taarifa ilipokelewa kwa shangwe.

Ndipo Chausiku aliposimama na kuomba mdogo wake asikilizwe. Sikudhani alieleza alichokiona, kwa maneno machache, maana aliona watu wa pembezoni wanavyosubiri kuvuta.

Mzee Machumu alimtazama kwa huruma. "Mgeni aliumwa mara ngapi?"

"Mara moja, mzee wangu."

"Aliyeumwa mara moja hana mamlaka ya kufasiri meno."

"Mimi sifasiri meno. Nasema anafuata mapovu. Tukimpa mapovu mengine, sisi tutapita."

Kisha mzee mmoja wa cheo cha kiuno akasimama, midomo ikimcheza. "Yaani Mkunga hakunitaka mimi? Alitaka hewa?" Akageuka kuwatazama wenzake. "Basi sisi tuliumwa kwa bahati mbaya tu? Na kofia hizi ni za nini?"

Hapo ndipo kikao kilipovunjika. Wakubwa wote walisema kwa wakati mmoja: huyu akitaja kiuno chake, yule akiapa kwa shingo yake, na wa mguu wakidai kwamba kama ni bahati mbaya basi wote ni sawa. Hewa ya nchi nzima iliingia vinywani mwao ikatoka maneno. Watu wa pembezoni walipaza sauti kwamba maji yamefika viunoni. Karani wa Baraza akawajibu kwamba maji hayana ruhusa ya kuingia ukumbini kikao kikiendelea. Kisha juu yao, kwenye mwamba, kitu kikalia kama kitambaa kinachochanwa, na povu likaanza kupasuka.

Maji yaliingia kutoka pande zote. Mzee Machumu alikuwa bado akigonga meza, akiagiza kila mtu abaki mahali pake. Chausiku alisimama kama mti, macho wazi, maji yakimpanda kifuani. Sikudhani akamshika mabega.

"Dada. Vua kofia."

"Kofia?"

"Ina hewa."

Chausiku alielewa mara moja, na Sikudhani aliuona uso wake ukielewa. Ile ilikuwa akiba yake yote. Akiimwagia samaki, atabaki na pumzi iliyo kifuani tu, na roho moja. Akafumba macho. Kisha akaivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, upande ulio wazi ukitazama chini ili hewa isitoke.

"Niko nyuma yenu, wanangu," alisema Bi Arafa, naye akageuka kuwaita watu wa pembezoni. "Shikaneni mikono! Jazeni vifua sasa, bila zamu! Na huko nje mtu asifungue kinywa. Wanamwita Mkunga, lakini huyu hajazalisha hata mmoja."

Wakazama.

Sikudhani alitangulia, akiipita ile mipira ya miiba kwa pembeni, miguu ameikunja. Nyuma yake watu walifuatana kama shanga katika uzi. Maji yalikuwa ya kijani, kisha meusi, na ukimya ulikuwa mzito kiasi cha kuusikia moyo wa aliye nyuma yako kupitia kiganja chake. Lango likaonekana, ufa mwembamba wenye mwanga wa maziwa ndani yake. Kisha kutoka kwenye tundu kichwa cha Mkunga kikajitokeza, polepole, kikigeuka huku na huku.

Chausiku aliunyoosha mkono mbali na mwili wake kadiri ulivyoweza kufika, akaipindua kofia.

Hewa ikatoka kwa mpigo mmoja, fungu kubwa la mapovu lililopanda likimeremeta. Mkunga akayarukia. Aliyafukuza juu, akayatafuna, mkia wake ukitingisha mwamba mzima kwa furaha, na kwa muda ule hakuwa na habari na mtu. Sikudhani alimsukuma Bi Arafa ndani ya ufa, kisha aliyefuata, kisha aliyefuata. Ulikuwa ufa wa kupita bega kwa ubavu; mwenye kofia kichwani asingepita hata angetaka. Watu walipita mmoja mmoja, vinywa wamevifumba, macho yamewatoka.

Wa mwisho kati ya wale watu alipopita, mapovu yalikuwa yameisha. Mkunga akageuka.

Chausiku alikuwa ameishiwa. Sikudhani aliona kifua cha dada yake kikiruka, midomo ikianza kufunguka, akamwekea kiganja kinywani kwa nguvu zake zote. Meno yale yaliyokuwa yakieleweka vizuri sana darasani yalikuwa yakija. Ndipo upande wa kulia, mahali ambapo hakumtarajia mtu, fungu jingine la mapovu likapanda, kubwa kuliko la kwanza. Mkunga akapinda ghafla, akalifuata.

Chini ya mapovu hayo alikuwapo Mzee Machumu, kofia yake imepinduliwa mikononi, akiwaashiria kwa kichwa: piteni, piteni.

Wakapita. Jiwe liliwakwaruza mabega, giza likawabana, kisha maji yakawa mepesi, yakawa ya uvuguvugu, na vichwa vyao vikatokeza juu penye jua.

Sikudhani anasema hajui kuieleza ile pumzi ya kwanza, na kwamba kila akijaribu watu humwangalia kama anayesifia maji kwa mtu asiye na kiu. Alivuta hadi mbavu zikamuuma. Kando yake Chausiku alikuwa akikohoa, akivuta, akikohoa, na wote wawili walikuwa wakicheka bila sauti, wamekamatana nywele na nguo kwa namna yoyote ile. Wakatambaa hadi mchangani, wakalala chali.

Ufuo ulijaa watu. Bi Arafa alikuwa akizunguka kuwagusa mmoja mmoja, kuhakikisha kwamba wako. Baadhi yao walikuwa wakitamka lile neno "kutoka", kwanza kwa mnong'ono, kisha kwa kelele, kwa raha ya kulisema tu. Baada ya kitambo maji yakafunguka na Mzee Machumu akatokeza, kichwa wazi, upara unang'aa kwa jua. Alisimama mbele ya watu wake, akainua mkono.

"Ndugu zangu," akaanza.

Walimngoja. Alitazama anga, akalitazama tena, kinywa kikiwa wazi, na ilionekana wazi kwamba alichokuwa nacho cha kusema hakikuwa na ukubwa wa mahali pale. Mwishowe akawaomba wamsogelee kidogo, akajilaza mchangani katikati yao, akapumua.

Juu ya ufuo kulikuwa na jiwe bapa ambalo kila mchezaji wa Milango Saba analijua: ukikaa juu yake unaweza kurudi kwenu, na mchezo hukungoja pale ulipoachia. Mbele zaidi, mlango wa tano ulikuwa mlima unaotoa moshi. Wachache waliutazama mlima kwa hamu. Wengi walianza kupanga foleni penye jiwe, kisha wakaona hakuna sababu ya foleni, wakakaa popote.

Chausiku aligeuza uso upande wa mdogo wake. Mchanga ulikuwa umemganda shavuni.

"Mama hajambo?" akauliza.

"Hajambo. Ila amekataa kusukwa na mtu mwingine zaidi yako."

"Tangu niondoke?"

"Tangu uondoke. Nywele zimejaa hadi kilemba hakifungiki tena. Wiki iliyopita mjumbe wa mtaa alimuuliza kama ameingia dini mpya."

Chausiku alicheka hadi akashikwa na kwikwi, na kwikwi zikamfanya acheke zaidi, na kati ya kucheka huko machozi yakamtoka, naye hakuyafuta. Kisha akakaa, akakung'uta mchanga mikononi, akamvuta Sikudhani asimame.

"Amka basi," alisema. "Nywele za namna hiyo hazisukwi zikiwa kavu. Tupitie mafuta ya nazi, tumwahi kabla hajalala."